Msumeno wa mkanda wa mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuufunga, kuurekebisha na kuutunza

Majibu haya ni kwa fundi mwenye karakana ndogo, au mtu wa nyumbani aliyenunua mashine yake ya kwanza. Jibu likitegemea lingine, namba ya swali imetajwa. Popote palipoandikwa "rekebisha", "fungua" au "safisha", elewa kwamba plagi imeshatoka kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

## Mashine yenyewe na umeme wake

1. Tunazungumzia mashine gani hasa?

Ule msumeno mdogo unaokaa juu ya meza ya kazi, wenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini, yanayozungusha bledi iliyounganishwa ncha kwa ncha kama mkanda. Nyingi zina magurudumu ya inchi 8 hadi 10 na mota ndogo isiyofika nusu ya nguvu ya msumeno wa duara wa mezani. Wengi hununua kwa kazi za mapindo: miguu ya viti, vichwa vya vitanda, vinyago, vibao vya jikoni.

Ile "inchi 9" iliyoandikwa kwenye boksi ni nafasi kati ya bledi na nguzo ya mashine, yaani upana wa ubao unaoweza kupita upande huo. Unene unaokatika ni kitu kingine, na kwa mashine hizi mara nyingi ni inchi 3 na nusu hadi 4. Muulize muuzaji vyote viwili kabla hujatoa pesa.

2. Ndugu yangu amenitumia mashine kutoka nje. Nichomeke tu?

Soma kwanza kibati kilichobandikwa kwenye mota. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya volti 240, na wote ni hezi 50. Mashine ya nyumbani kutoka Uingereza au Dubai inaingia bila shida, hata plagi ni ile ile ya pini tatu bapa. Ya Marekani ni volti 120 na hezi 60, ya Japani ni volti 100. Ukizichomeka moja kwa moja utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Transfoma itashusha volti lakini haibadilishi hezi. Mota isiyo na brashi iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka pungufu kwa karibu moja ya sita hapa kwetu, na itapata joto zaidi. Inafanya kazi, ila ipumzishe, na chagua transfoma yenye wati mara mbili au tatu ya zile za mota, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mwingi.

Kuna mtego mmoja wa mitumba ya Uingereza. Mashine zenye plagi ya njano ya duara zilitengenezwa kwa maeneo ya ujenzi na ni za volti 110. Wapo wanaoikata plagi ile na kufunga ya kawaida, kisha wanalaumu mashine.

3. Mota inaunguruma lakini haizunguki. Tatizo nini?

Zima mara moja. Mota iliyokwama huungua haraka. Chomoa plagi, fungua mlango, zungusha gurudumu la juu kwa mkono. Likiwa zito, kuna kipande cha mbao kimenasa chini ya meza au beringi imekufa. Likiwa jepesi, shuku kapasita (kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza) au umeme hafifu.

Umeme hafifu mara nyingi unatoka kwenye ekstensheni. Waya mwembamba wa redio uliovutwa kutoka sebuleni hadi uani unapoteza volti njiani. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, mfupi uwezavyo, na uukunjue wote. Ukiachwa umezongwa kwenye koili yake unapata joto. Kapasita mwachie fundi umeme. Hubaki na chaji hata plagi ikiwa nje.

## Bledi

4. Boksi limepotea. Nitajuaje urefu wa bledi?

Kama bledi ya zamani ipo, hata iliyokatika, ilaze sakafuni uipime. Kama haipo, pima kipenyo cha gurudumu na umbali kutoka katikati ya gurudumu la juu hadi katikati ya la chini, huku kishikio cha kukazia kikiwa nusu ya safari yake. Zidisha kipenyo kwa 3.14, kisha ongeza umbali huo mara mbili. Gurudumu la milimita 229 na umbali wa milimita 428 vinakupa 719 na 856, jumla milimita 1,575, ambayo ni inchi 62. Njia hii ni ya mashine yenye magurudumu mawili yanayolingana.

5. Upana gani, na meno mangapi?

Upana unaamua mapindo. Bledi ya robo inchi inazunguka pindo lenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi, ya inchi 3/8 inahitaji milimita 37, na ya nusu inchi inahitaji 64. Ukilazimisha bledi pana kwenye kona kali, inajipinda, inasugua vishikizo (vile vipande vinavyoiongoza bledi juu na chini ya meza), inachoma mbao na mwisho inakatika.

Meno huhesabiwa kwa inchi. Meno 6 yanatosha kazi nyingi za ubao wa inchi moja, 14 ni ya plaiwudi nyembamba, na 3 au 4 ni ya kupasua ubao mnene kuwa mbao mbili. Wakati wote meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya mbao. Yakiwa pungufu, bledi inang'ata na kurukaruka.

Kama unanunua bledi moja tu, chukua ya robo inchi yenye meno 6. Na uangalie unene wa chuma chenyewe: bledi nene ya mashine kubwa, ya milimita 0.65, ikizungushwa kwenye magurudumu haya madogo inapasuka mapema. Karibu milimita 0.35 ndiyo saizi yake.

6. Utaratibu sahihi wa kufunga bledi mpya ni upi?

Malalamiko mengi kuhusu mashine hizi, kwamba haikati wima, inapiga kelele, inatupa bledi, yanatokana na kurekebisha vitu sahihi kwa mpangilio usio sahihi. Mtu anaona bledi inacheza, anaibana kwa vishikizo. Vishikizo havikuwekwa kuisukuma bledi mahali pake. Bledi ikae yenyewe juu ya magurudumu, ndipo vishikizo visogezwe kuifuata.

Kwa hiyo, chomoa plagi. Rudisha nyuma vishikizo vyote, vya juu ya meza na vya chini, pamoja na beringi ya nyuma, hadi visiguse chochote. Watu husahau vya chini kwa sababu havionekani. Vaa glavu na miwani unapoikunjua bledi, kwa maana inaruka kama springi iliyoachiwa. Ishike mbali na uso, iachie taratibu.

Toa skrubu au pini inayoshikilia mpasuo wa meza, pitisha bledi, ivike kwenye magurudumu, meno yakikutazama wewe na yakielekea chini pale inapopita kwenye meza. Kaza kiasi cha kutoanguka. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono, mwelekeo wake wa kawaida, huku ukitazama bledi inakaa wapi. Ikisogea mbele au nyuma, geuza skrubu ya kuinamisha gurudumu la juu robo mzunguko tu, zungusha tena, tazama tena. Kwenye mashine nyingi ndogo bledi inapaswa kutulia katikati ya mpira uliovishwa gurudumu. Ikishatulia, kaza kwa mkazo kamili (swali la 8), hakikisha haijahama, kisha ndipo usogeze vishikizo (swali la 10). Rudisha pini ya meza, funga milango yote miwili, simama pembeni, washa kwa sekunde mbili, zima. Imetulia? Washa tena.

7. Meno yanatazama juu hata nikiigeuza bledi juu chini!

Imekunjwa ndani nje. Vaa glavu, ishike kwa mikono miwili, ipindue kama unavyopindua shati. Sasa meno yatatazama chini.

8. Nitajuaje mkazo umetosha?

Alama za mkazo zilizopo kwenye mashine ndogo usiziamini sana; springi huchoka. Pandisha kishikizo cha juu hadi mwisho, sukuma ubavu wa bledi kwa kidole katikati ya sehemu iliyo wazi. Kwa nguvu ya kawaida iingie kama milimita 6. Ikiingia zaidi, kaza. Isiposogea kabisa, umepitiliza, na fremu nyepesi ya mashine hizi inaweza kujipinda.

Bledi iliyolegea ina dalili yake: ukipasua ubao mnene, juu na chini mkato uko kwenye mstari lakini katikati umetoka tumbo. Kabla hujakaza zaidi, hakikisha meno hayajabutuka, maana nayo huleta tumbo hilo hilo.

9. Bledi inatoka kwenye magurudumu kila nikiwasha.

Pitia utaratibu wa swali la 6 tangu mwanzo. Ikiendelea, vua bledi upapase mipira ya magurudumu kwa kidole. Mpira mzima una kimgongo katikati, na huo ndio unaoivuta bledi ikae. Ukiwa bapa, una mfereji au una vumbi la mbao lililogandamana, hakuna skrubu itakayosaidia. Tazama swali la 18.

## Vishikizo, meza na mkato

10. Vishikizo vikae karibu kiasi gani na bledi?

Vya pembeni, unene wa karatasi moja ya daftari kila upande. Kata vipande viwili vya karatasi, viweke kushoto na kulia kwa bledi, sogeza vishikizo hadi viguse karatasi bila kuipinda bledi, kaza skrubu, vuta karatasi. Ukingo wa mbele wa vishikizo uishie nyuma ya mashimo ya meno. Ukiona mstari unaong'aa kwenye kishikizo karibu na mbele, meno yameshaanza kukila, na mpangilio wao wa moja kushoto moja kulia unaharibika.

Beringi ya nyuma ikae karibu nusu milimita kutoka mgongo wa bledi. Mashine ikizunguka bila mbao, beringi hiyo isizunguke. Izunguke tu unaposukuma mbao. Inayozunguka muda wote huchimbika mfereji, na bledi inapata ugumu na nyufa mgongoni.

11. Nahakikishaje meza iko wima kwa bledi?

Weka skwea juu ya meza, mgongo wake kwenye ubavu wa bledi iliyokazwa, isiguse jino. Usiamini mshale wa digrii uliopo chini ya meza. Ukitaka uhakika, kata kipande cha mbao nusu, zima, kisimamishe upande wa pili juu chini, na ujaribu kuingiza mgongo wa bledi kwenye mkato huo. Ukiingia bila kulazimisha, meza iko sawa.

12. Nafuata kiongozi kilichonyooka (ile fito ya mezani ya kuegemezea ubao) lakini bledi inakimbilia upande mmoja.

Anza na bledi. Ikiwa imewahi kugusa msumari kwa upande mmoja, meno ya upande ule ni butu na itakimbilia yaliyo makali. Hakuna marekebisho hapo, badilisha.

Bledi mpya nayo inaweza kuwa na mwelekeo wake. Chora mstari sambamba na ukingo wa ubao, kata kwa mkono bila kiongozi, ukiugeuza ubao kidogo hadi bledi ifuate mstari. Katikati ya safari, zima mashine bila kuusogeza ubao, na uchore mstari mezani kwa penseli kando ya ubao. Huo ndio mwelekeo wa bledi yako. Funga kiongozi sambamba nao. Ukibadilisha bledi, pima upya.

## Usalama

13. Si ni salama kuliko msumeno wa duara? Haurushi mbao.

Ni kweli kwamba bledi inasukuma mbao chini kwenye meza badala ya kumrudishia mtu. Lakini mashine hii ni kimya, na baada ya kuzimwa magurudumu yanaendelea kuzunguka kwa muda huku chumba kimetulia. Hapo ndipo mtu hupeleka mkono kuondoa kipande kidogo pembeni ya bledi. Subiri isimame kabisa, au kisukume kwa fimbo ya mbao.

Mkono usiwe kwenye mstari wa bledi, hasa unapokaribia kumaliza. Mbao ikikaribia kuisha upinzani unapotea ghafla na mikono inaruka mbele. Kishikizo cha juu kishushwe hadi kibaki milimita 6 hivi juu ya mbao. Bledi inayoachwa wazi ndiyo inayokata vidole. Na usirudishe mbao nyuma kwenye mkato mrefu wakati mashine inazunguka, utaivuta bledi itoke. Zima kwanza. Kwa mapindo marefu, kata mikato mifupi ya kupunguza kutoka ukingoni, ili vipande vidondoke vyenyewe.

14. Glavu je? Na mikono mirefu?

Glavu ni za kubadilishia bledi tu. Mashine ikizunguka, vua glavu, pete, bangili na saa. Kunja mikono ya shati juu ya kiwiko. Kanzu, mtandio na nywele ndefu zifungwe zisining'inie. Miwani ibaki usoni muda wote.

15. Naweza kukata gogo la duara au kifuu cha nazi?

Si kwa kushika mkononi. Hapa usalama wa swali la 13 unageuka: bledi inakanyaga mbele ya kitu cha duara, kinabiringika, kinavuta vidole pamoja nacho. Gogo lilaze kwenye kitanda chenye mfereji wa V, au lifungwe kwa skrubu kwenye ubao bapa unaoteleza juu ya meza. Kifuu kikatie kitako cha mbao kinachokishika pande zote, na ukibane kwa klempu. Wachongaji wengi wa vifuu wanapendelea msumeno wa mkono kwa mkato wa kwanza, na sioni sababu ya kuwabishia.

16. Nasikia tik-tik-tik kwenye bledi. Niendelee?

Hapana. Sauti inayojirudia kwa mpigo mmoja ni ufa, jino lililopotea, au kiungo kilichochomelewa vibaya kinachogonga vishikizo. Zima, chomoa, zungusha kwa mkono, ukipitisha macho taratibu mgongoni na kwenye mashimo ya meno.

Ikikatika ukiwa kazini utasikia mlio mkubwa na mbao itaacha kukatika. Bonyeza swichi, rudi nyuma hatua moja, usifungue mlango hadi magurudumu yasimame kabisa. Milango iliyofungwa ndiyo inayoizuia bledi isitoke, kwa hiyo anayeendesha mashine mlango wazi "ili vumbi litoke" amejiondolea kinga hiyo.

17. Umeme umekatika katikati ya mkato. Nifanye nini?

Zima swichi kabla ya jambo lingine lolote, kisha chomoa plagi. Umeme ukirudi na swichi bado imewashwa, mashine inaanza yenyewe, pengine wakati kijana wa karakana ameinama kutoa ubao. Swichi za kijani na nyekundu zinazojizima umeme ukikatika zipo kwenye baadhi ya mashine. Jaribu yako: iwashe bila mbao, zima kwenye soketi ya ukutani, washa tena ukutani. Ikianza yenyewe haina kinga hiyo, na fundi umeme anaweza kukufungia swichi ya aina hiyo.

## Matunzo

18. Kila wiki nisafishe nini?

Vumbi la ndani, hasa linalogandamana kwenye mpira wa gurudumu la chini. Kwangua kwa kipande cha mbao au brashi ngumu ya nailoni, si kwa bisibisi. Kagua nyufa za mipira. Mpira uliopasuka au kulegea unabadilishwa. Ile ya plastiki laini, iloweke kwenye maji ya moto kwanza, itavutika kwa urahisi.

Bledi yenye utomvu wa msonobari inachoma mbao kama iliyobutuka. Ivue, isugue kwa maji ya moto, sabuni na brashi, ikaushe papo hapo. Wengi wanatumia mafuta ya taa, na yanasafisha kweli, lakini yafanyie nje, mbali na moto, na yasiguse mipira. Petroli usiitumie.

19. Vumbi la mbao lina madhara kweli, au ni woga tu?

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Mvule na mninga huwawasha wengi pua na ngozi, wengine huanza kukohoa kama wenye pumu. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi inayobana usoni, kwani kitambaa cha leso hakizuii vumbi laini. Unganisha mashine na vakyumu kama ina tundu lake, na fagia baada ya kunyunyiza maji sakafuni.

20. Niko pwani. Meza inaota kutu kila masika.

Isugue kwa sandpaper laini, kisha paka nta ya nyuki au ya mshumaa, ifute hadi ing'ae. Mbao nazo zitateleza vizuri zaidi. Oili haifai, itaingia kwenye mbao na vanishi itakataa kushika. Bledi za akiba zitundike ndani, zimepakwa oili nyembamba, uzifute kabla ya kufunga.

21. Ni lazima nilegeze bledi kila jioni?

Kama kesho asubuhi unarudi kazini, si lazima. Kama mashine itakaa wiki nzima, legeza, vinginevyo mipira inaingia dimbwi pale bledi inapolalia na springi inachoka mapema. Andika kwenye karatasi "BLEDI IMELEGEZWA" uibandike kwenye swichi.

22. Bledi iliyokatika inachomelewa? Inanoleka?

Kwa mashine ya welding ya mageti, hapana: kiungo kinakuwa kigumu na kinene, na kitavunjika kwenye mzunguko wa kwanza. Kuna mashine maalumu za kuunga bledi, zinazopasha kiungo tena ili kilainike, na kuna kuunga kwa madini ya fedha yaliyoyeyushwa, ncha zikiwa zimesagwa mshazari. Aliyezoea kazi hiyo mpe. Kunoa, bledi pana ya meno makubwa inaweza kustahili. Ya robo inchi yenye meno yaliyofanywa magumu kwa moto haing'atwi na tupa ya kunolea, nunua mpya.

## Maswali ya pembeni

23. Kwa nini mvule unaua bledi zangu?

Ndani ya mvule mara nyingine kuna mawe, uchafu mgumu wa chokaa uliojificha kwenye mbao. Hayaonekani hadi uyagonge. Ukiona cheche au kusikia mkwaruzo, simama. Msaji nao una silika inayobutua meno taratibu. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, hivyo tumia bledi mpya, sukuma polepole, vipande vidogo tu. Mbao za kubomolewa zipitishie sumaku kwanza kutafuta misumari.

24. Naweza kukata chuma, au mifupa ya bucha?

Chuma hapana. Bledi ya mbao hapa inakwenda mamia ya mita kwa dakika, wakati chuma kinataka sehemu ndogo tu ya kasi hiyo. Meno yatakwisha kwa sekunde chache, na cheche zitaangukia vumbi la mbao lililo ndani ya kabati la chini, ambalo linaweza kufuka kimyakimya ukiwa umeshafunga karakana. Mifupa pia hapana: misumeno ya bucha imetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu na inafunguka yote kuoshwa, hii yako ina mipira na nyufa za kuficha damu. Plastiki na akriliki zinakatika, kwa bledi ya meno mengi na mkono mwepesi, ila safisha vumbi la mbao kabla na chembe za plastiki baada ya kazi.